Kitanda kilichokataa godoro: Makosa ya vipimo na jinsi ya kuyarekebisha

Na MWANDISHI WETU

JUMAMOSI moja alasiri, katika kibaraza cha ploti tunamoishi, nilisimama nikikitazama kitanda nilichokiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Matendegu manne yalikuwa wima, mifumbati imenyooka na chaga zimepangwa safi kama meno ya kitana. Nilimwita mwanangu aje tulilaze godoro lake jipya.

Godoro lilikataa kuingia. Tulipolisukuma upande mmoja, liliinuka upande wa pili. Tulipolikandamiza kotekote, lilifura katikati mithili ya mandazi yaliyozidishiwa hamira. Mtoto alinitazama, akalitazama godoro, kisha akauliza: "Mama, kwani godoro limenenepa?"

Halikuwa limenenepa. Lilikuwa la futi 6 kwa 3, kama muuzaji alivyosema. Mimi ndiye niliyepima upana wa inchi 36 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, nikasahau kwamba kila mfumbati una unene wa inchi moja. Ndani zilibaki inchi 34.

Pesa za mbao zilikuwa zimekwisha. La kusikitisha zaidi ni kwamba nyanya yake mtoto alikuwa akitarajiwa Jumanne kutoka mashambani kuja kuonana na daktari, na kitanda cha zamani cha mtoto ndicho tulichokuwa tumemwandalia. Bila kitanda kipya, mmoja wao angelala sakafuni.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu najua si mimi peke yangu. Familia nyingi za mijini siku hizi hujaribu kujiundia rafu ya vitabu, meza ya kusomea au stuli ya jikoni. Wanafunzi nao hupewa kazi za mikono shuleni, na wazazi waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, wanakumbuka jinsi walivyohangaika na msumeno na randa katika somo la ufundi.

Mbao nazo si bei rahisi. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na ingawa kuondolewa kwa marufuku hayo kulitangazwa Julai 2023, hakuna mwenye akili timamu anayekata ubao ovyo akitumaini kununua mwingine kesho.

Je, makosa haya ya vipimo hutoka wapi? Na ukishakosea, ni lazima mbao ziishie kuwa kuni?

Namba na kitu chenyewe

Wengi wetu hudhani anayekosea vipimo ni yule asiyejua hesabu. Sivyo. Hesabu ya kitanda changu ilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa kwamba niliiamini namba iliyo kichwani kuliko kitu kilicho mbele ya macho yangu. Sikuwahi hata mara moja kulilaza godoro juu ya mbao kabla ya kuzikata.

Chukua mfano wa ubao unaoitwa wa inchi moja. Huo ndio unene wake ulipotoka kwenye msumeno wa kiwandani. Ukishapitishwa kwenye mashine ya randa ili uwe laini, mara nyingi hubaki karibu milimita 20, ilhali inchi moja kamili ni milimita 25.4. Anayechora rafu yake nyumbani akitumia inchi moja, kisha akanunua mbao zilizopigwa randa, atashangaa kuona vipande havikutani.

Dawa yake ni nyepesi. Nunua mbao kwanza, zipime mwenyewe unene na upana, ndipo ukae chini uchore.

Kuna pia mkanganyiko wa inchi na sentimita. Hapa kwetu mbao huuzwa kwa futi na inchi, na mafundi wa Gikomba na wale wa kando ya barabara ya Ngong huzungumza lugha hiyo hiyo. Shuleni, watoto hufundishwa sentimita na milimita. Tepu huwa na zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo.

Mtu huambiwa meza iwe na kimo cha inchi 30, naye akajisemea moyoni, "Hiyo ni kama sentimita 75." La hasha! Inchi 30 ni sentimita 76.2. Miguu miwili ikikatwa kwa hesabu moja na miwili kwa hesabu nyingine, tofauti ya milimita 12 itaifanya meza icheze ngoma. Chagua lugha moja ya vipimo mwanzoni mwa kazi, na usiibadilishe hadi mwisho.

Tepu ina siri zake

Umewahi kukiona kile kijino cha bati kilicho kwenye ncha ya tepu? Ukikigusa, huchezacheza. Wengi hudhani kimelegea, wakakigonga kwa nyundo ili kikaze. Kwa kufanya hivyo, huwa wameiharibu tepu nzima.

Kijino hicho kilitengenezwa kicheze kwa kiasi cha unene wake chenyewe. Ukikiangika kwenye ukingo wa ubao, huvutika nje kidogo. Ukikisukuma ndani ya kona, hurudi nyuma kwa kiasi kile kile. Kwa njia hiyo, kipimo cha nje na cha ndani vyote huwa sahihi.

Tepu ikianguka na kijino kikapinda, mafundi wengine huanza kupima kutoka kwenye alama ya sentimita 10 badala ya mwanzo. Ni njia nzuri, lakini ina hatari yake. Ukiwa unataka sentimita 60, sharti uweke alama kwenye 70. Anayesahau hukata ubao wa sentimita 50, na hapo huwa hapungukiwi na milimita mbili tatu bali sentimita 10 nzima!

Jambo jingine ni kutumia tepu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tepu mbili, hasa moja ikiwa kuukuu, zinaweza kutofautiana. Hili wazee wa pwani walilielewa vyema zamani, walipopima kwa miili yao. Shibiri ilikuwa ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetandazwa. Mkono ulianzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Shibiri mbili zilihesabiwa kuwa mkono mmoja, na mikono minne kuwa pima moja.

Bila shaka, mkono wa mtu mfupi si sawa na wa mtu mrefu. Hata hivyo, fundi aliyepima vipande vyote vya mlango mmoja kwa mkono wake mwenyewe hakupata taabu, kwa kuwa vyote vilitii kipimo kimoja. Taabu ingeanza pale ambapo angemwachia mwenzake apime nusu ya kazi.

Msumeno nao hula

Kosa jingine linalowapata wanafunzi ni kusahau kwamba msumeno una meno, na kila chenye meno hula. Msumeno wa mkono hula karibu milimita 2 za ubao kila unapokata. Ule wa umeme wa mviringo hula karibu milimita 3.

Karatasi ya plaiwudi huwa ya futi 8 kwa 4. Upana wake, basi, ni inchi 48. Mwanafunzi anayetaka vibao vitatu vya rafu hugawanya 48 kwa 3, akapata 16, akachora mistari miwili na kuanza kukata. Mwishowe vibao havilingani. Mikato yake miwili imekula karibu milimita 6, nazo zimetoka kwenye vibao hivyo hivyo.

Angepanga kila kibao kiwe pungufu kidogo ya inchi 16, akapima na kukata kimoja, ndipo akapima cha pili, asingepata tatizo. Tena, kila unapochora mstari, weka alama ya msalaba upande ule utakaotupwa, na msumeno upite upande huo huo. Penseli nayo iwe imechongwa vizuri. Mstari mnene wa penseli butu humwacha mtu akijiuliza akate kushoto, kulia au katikati.

Ukiwa na shaka, acha ubao uwe mrefu kidogo. Ubao mrefu utaupunguza kwa randa, lakini mfupi hata ukiubembeleza haurefuki.

Kijiti kisichosahau

Njia iliyo bora kuliko zote ni ile isiyotumia namba kabisa. Tafuta kijiti kirefu kilichonyooka. Kisimamishe pale kabati au rafu itakapokaa, kisha utie alama moja kwa moja: hapa ndipo ukuta unapoishia, hapa ndipo kibao cha kwanza, hapa soketi ya umeme. Ukienda kukata, laza kijiti juu ya ubao na uhamishe alama zile zile.

Kijiti hakisahau, wala hakichanganyi inchi na sentimita. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili tangu kale, kwani neno cheo, ambalo leo tunalitumia kwa wakubwa wa ofisini, lina maana pia ya kipimo au kitu cha kupimia.

Vivyo hivyo, vipande vinavyofaa kulingana, kama miguu minne ya meza, usivipime kimoja kimoja. Pima mmoja, uukate, uhakikishe uko sawa, kisha uutumie huo huo kuchorea mingine mitatu. Usichukue wa pili ukachorea wa tatu, na wa tatu ukachorea wa nne, kwa maana kila mara kosa dogo litaongezeka.

Pembe mbili zilingane

Vipande vinaweza kuwa na urefu sahihi kabisa na bado kabati ikatoka imepinda, milango ikawa haifungi. Hii hutokea wakati pembe hazikukaa mraba.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona moja hadi kona inayoielekea, kisha pima kona zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, na pande zinazoelekeana zikiwa sawa, pembe zako ni mraba. Visipolingana, banano la jiriwa au kamba iliyokazwa kwenye ule mshazari mrefu itavuta fremu irudi mahali pake. Gundi ikishakauka, nafasi hiyo imekwenda.

Kwa asiye na skwea, kuna hesabu ya darasani inayofaa. Kutoka kwenye kona, weka alama sentimita 30 upande mmoja na sentimita 40 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 50 barabara, kona hiyo ni mraba. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kanuni ya Pythagoras haina faida maishani apewe kabati iliyopinda airekebishe!

Ukishakosea

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. La kwanza ukigundua umekosea ni kuweka msumeno chini. Makosa mengi makubwa ya useremala huwa ni ya pili, yale yanayofanywa kwa hasira ya kutaka kuficha la kwanza.

Ubao ukiwa mfupi, usijaribu kuunga kipande ncha kwa ncha kwa gundi na misumari miwili, hasa kama utabeba uzito. Gundi haishiki vizuri kwenye ncha ya ubao, na kiungo hicho kitaachia siku mtu atakapoketi. Uweke ubao huo kando, uwe kipande kingine kifupi zaidi katika kazi hiyo hiyo. Au fikiria kama chombo chote kinaweza kupunguzwa. Rafu iliyo fupi kwa sentimita 2 bado ni rafu, mradi pande zote mbili zipunguzwe sawa.

Ubao ukiwa mwembamba kwa upana, hilo ni jepesi. Pachika kipande kando yake kwa gundi, nyuzi za mti zikienda sambamba, ukibane hadi kikauke. Kiungo cha namna hiyo huwa imara sana, na ukikigeuza kuwa ukingo wa mbele, mgeni atadhani ni urembo.

Ulimi wa kiungo ukilegea katika tundu lake, usijaze gundi tupu. Gandisha kibanzi chembamba cha mti ubavuni mwa ulimi, kisha uchonge hadi uingie kwa kubana. Tundu la skrubu likiwa mahali pasipofaa, lizibe kwa kijiti cha mviringo kilichopakwa gundi, kiache kikauke, ukate kilichotokeza, ndipo utoboe upya.

Droo, au mtoto wa meza kama wengine wanavyoiita, ikikataa kuingia, ipigwe randa ubavuni kidogo kidogo huku ukiijaribu. Ikipwaya, bandika vijiti vyembamba kwenye njia yake. Lakini jihadhari na majira. Ubao hutanuka kwa upana hewa ikiwa na unyevu na hunywea ukikauka, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Droo iliyobana sawasawa wakati wa kiangazi itakwama msimu wa mvua ndefu. Iachie nafasi ya milimita 2 hivi.

Na ile meza inayoyumba? Wengi hukata mguu mmoja, meza ikayumba upande wa pili, wakakata mwingine, hadi meza ya kulia chakula ikawa stuli. Kwanza igeuze meza hiyo hapo hapo. Ikiacha kuyumba ikielekea upande mwingine, huenda sakafu ndiyo mbovu.

Kama kosa ni la miguu, iweke meza mahali palipo sawa, tia vibanzi chini ya mguu mfupi hadi uso wa meza utulie. Halafu chukua kibao chenye unene sawa na pengo lililopo, laza penseli juu yake, uzungushe ukichora kila mguu. Kata kwenye mistari hiyo na kazi itakuwa imekwisha. Ikiwa hutaki kupoteza kimo, ambacho kwa meza ya kawaida ni karibu sentimita 75, uongezee mguu ule mfupi kiatu cha mti.

Kitanda kilivyopona

Jioni ile ile ya Jumamosi nilimwendea mzee mmoja seremala, jirani yetu wa ploti ya pili. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua moyoni kununua mbao mpya zote kwa deni.

"Mzee, nimeharibu mbao," nilimwambia.

Alikuja, akakizunguka kitanda mara moja, akaliinua godoro na kulilaza chini kando yake. Hakutoa tepu. Alichukua kijiti, akakilaza juu ya godoro, akakitia alama mbili.

"Binti yangu, hujaharibu mbao. Umeharibu vipande viwili tu."

Alikuwa amesema kweli. Mifumbati ilikuwa mizima, kwani urefu wake nilikuwa nimeuacha na ziada. Matendegu yalikuwa mazima. Vilivyokosewa ni vitakizo viwili, cha mchagoni na cha miguuni. Ubao mmoja wa ziada ulitosha kukata vitakizo vipya vilivyozidi vya awali kwa inchi mbili na nusu. Hiyo nusu alisema ni ya mikono ya mama anayechomeka shuka.

Chaga nazo zilikuwa sasa zimekuwa fupi, hazifiki kwenye vijiti vya kuzibeba. Badala ya kuzitupa, tuliongeza vijiti vingine vya unene wa inchi moja kwa ndani mbele ya vile vya kwanza, tukazikaza chaga kwa skrubu moja moja pande zote mbili ili isiwepo itakayoteleza. Vile vitakizo vya zamani vilikuwa rafu ya vitabu vya mtoto, na mpaka leo imo ukutani.

Jumatatu usiku godoro liliingia, likatulia. Mtoto alilala juu yake akajigeuza mara tatu kupima kama kitalia. Hakikulia. Jumanne nyanya yake alipofika, alikuta vitanda viwili vimetandikwa.

Kabla hujakata

Kwa msomaji anayetaka kuanza Jumapili hii, haya ndiyo ya kukumbuka:

• Kilete kile kitakachoingia ndani, kiwe ni godoro, televisheni au vitabu, ukilaze juu ya mbao kabla ya kuzikata.

• Jiulize: kipimo hiki ni cha ndani au cha nje?

• Tumia tepu moja na lugha moja ya vipimo.

• Pima unene halisi wa ubao, usiulize jina lake.

• Panga vipande vyote sakafuni bila gundi wala misumari. Kosa likionekana hapo, gharama yake ni ndogo.

• Pima mlango wa nyumba na kona ya ngazi. Kabati isiyopita mlangoni, hata ikiwa na vipimo sahihi vyote, ni kosa la vipimo.

• Ukichoka, acha. Kipimo kinachochukuliwa usiku, umeme ukififia na chakula kikiungua, ndicho kile kile kitakachokuamsha asubuhi ukijilaumu.

Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye kuunda kitanda ndiye anayepaswa kuinama zaidi, akiwa na godoro upande mmoja na kijiti mkononi, kabla msumeno haujaguswa.